Mwaka Niliomsomea Afande Biblia Yote

Apio alinipigia simu nikiwa shambani Juru, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nimeinama kwenye maharage, mikono imejaa udongo. Alisema, "Anti Furaha, Dadi ametuacha," kisha akashindwa kuendelea, nami nikakaa chini pale pale katikati ya matuta kama mtu aliyekatwa miguu. Kesho yake nilikuwa Mbarara, kwenye nyumba yao ya mwisho, ile waliyojenga nje kidogo ya mji baada ya Afande, baba yake Apio, kustaafu jeshini. Mabenchi yalikuwa yameazimwa kanisani, sufuria za chai zilikuwa zinachemka uani, na wanaume wenye migongo iliyonyooka, ambao hata bila sare unajua walikuwa askari, walisimama wakizungumza kwa sauti ya chini. Jeneza lingeondoka saa nane kwenda kwao Lango, kaskazini. Mzee mmoja wa kanisa akamuuliza mjane mimi ni ndugu wa upande gani, maana alinisikia nikilia kwa Kiswahili cha Kongo. Mama Apio akamjibu, "Huyu ndiye alimusomea Biblia." Hakuongeza kitu. Lakini wale wanaume wazee wakageuka kunitazama, na mmoja akasogea kwenye benchi ili nikae karibu na jeneza, kwa hiyo nikajua kwamba Afande alikuwa amewasimulia.

Nimekuwa nikifundisha wanawake wa kanisa letu hapa Nakivale kwa miaka mingi sasa, na swali linalorudi kila mara ni lile lile, ingawa kila mmoja analiuliza kwa namna yake. Juzi binti mmoja aliyeolewa karibuni aliniuliza kama Mungu aliyewaamuru watu kuteketeza miji ndiye yule yule aliyewakumbatia watoto, au kama alibadilika njiani. Wenzake walicheka, lakini walinyamaza haraka, wakisubiri jibu. Mimi si mchungaji, na sikusoma shule ya Biblia. Ninachokijua nilikipata mwaka 2003, katika chumba kimoja cha kambi ya jeshi pale Mbarara, kutoka kwa kipofu mmoja na mkewe fundi cherehani. Nilimwambia yule binti, "Mama, kaa, hii ni ya kusimulia."

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na Mungu niliyekuwa naye alikuwa na sikio tu. Sikumjua kwa uso wala kwa mikono. Tulipokimbia nyumbani Kongo nilikuwa nimembeba mdogo wangu Neema, mtoto wa miaka mitatu, mgongoni, kwa siku tatu. Siku ya tatu, kwenye mlima mmoja ambao sitaki kulikumbuka jina lake, miguu ilikuwa imevimba na kitenge kilikuwa kinanikata mabega, nikasema moyoni: kama huyu mtoto asingekuwako ningekuwa nimefika. Sikusema kwa mdomo. Jioni hiyo Neema akashikwa na homa, na asubuhi hakuamka. Tulimzika kando ya shamba la migomba la watu tusiowajua, tukaendelea na safari. Hakuna mtu duniani aliyejua neno langu. Mungu peke yake ndiye alilisikia, na mimi niliamini kwamba alilisikia akalitimiza. Kwa hiyo niliimba kwaya, nilifunga, nilisali asubuhi na jioni, lakini nilisali jinsi mtu anavyomsalimia askari wa kizuizi cha barabarani: kwa heshima, kwa haraka, bila kumtazama usoni. Mahubiri ya kanisa letu siku zile yalinisaidia kubaki hivyo. Tulikuwa watu walioona mabaya mengi, na wahubiri wetu walitafuta sababu, na sababu waliyoiona karibu ilikuwa dhambi zetu.

Siku moja mchungaji wetu akarudi kutoka mkutano Mbarara na ujumbe. Kulikuwa na sajini mmoja, mtu wa kaskazini, aliyepoteza macho kazini, naye alikuwa anatafuta mtu wa kumsomea Biblia ya Kiswahili kutoka mwanzo hadi mwisho. Wanawe walisoma Kiingereza tu shuleni. Mkewe hakuwahi kufundishwa kusoma. Na yeye mwenyewe, baada ya kuishi katika makambi tangu ujana, alisema kwamba Kiswahili ndiyo lugha aliyopewa amri kwayo, basi Mungu naye azungumze naye kwa hiyo. Mchungaji alinitaja mimi kwa sababu nilikuwa nasoma masomo ya Jumapili bila kukwama. Nilimsikia mama mmoja nyuma ya kanisa akimwambia mwenzake, "Siye tulikimbia basoda na bunduki zabo, sasa yeye anabafwata mpaka kwabo?" Mwenzake akajibu, "Acha aende, labda atakula muzuri." Nilipata karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, nikafunga nguo zangu mbili, nikaondoka nikiwa naogopa kuliko nilivyoogopa siku ya kuvuka mpaka.

Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja kirefu kilichogawanywa kwa pazia la maua. Upande wa mbele kulikuwa na viti viwili, meza, redio iliyofunikwa kitambaa, na cherehani karibu na dirisha, kwa maana Mama Apio alikuwa anapunguza na kushona sare za askari wa kambi nzima. Upande wa nyuma kulikuwa na vitanda, na mimi nililala kitanda kimoja na mapacha wao, Apio na Acen, wenye miaka tisa, ambao walinipiga mateke hadi alfajiri. Asubuhi tulikunywa uji wa ulezi. Mchana ilikuwa posho, yaani ugali wa mahindi, na maharage, au boo, majani ya kunde yaliyopikwa kwa siagi ya ufuta ambayo Mama Apio aliisaga mwenyewe na kuificha juu ya kabati ili isimalizike. Mimi niliyezoea sombe, majani yetu ya muhogo, nilionja ule ufuta mara ya kwanza nikadhani nimekula kitu cha sikukuu. Nje ya dirisha palikuwa na bomba la maji, na wake wa askari walikuja pale na madumu yao, wakisema habari zote za kambi kwa Kiswahili, Kiganda na Kinyankole, nani amehamishwa, nani amerudi, nani hajaandika barua. Yeye mwenyewe, Sajini Ogwal, alikuwa mtu mrefu, mkavu, aliyekaa wima kwenye kiti kama yuko gwaride. Nilipoingia mara ya kwanza aligeuza uso wake upande wangu, akasema, "Wewe ndiyo Furaha?"

"Ndiyo, Afande."

"Soma yote. Usiruke. Hata majina ya watu, ile mingi mingi, soma. Mimi naitwa kwa jina kila siku asubuhi miaka ishirini na mbili. Mutu akiruka jina, kuna sababu."

Basi tukaanza. Alisikiliza kama mtu anayepokea amri za safari ya hatari, kichwa kimeinama, vidole vinagonga goti taratibu. Siku ya kwanza tu nilisoma jinsi watu wawili wa kwanza walivyofukuzwa bustanini, na nikasoma haraka, kwa kuwa hadithi hiyo niliijua na niliijua kama hadithi ya kufukuzwa. Mama Apio akasimamisha gurudumu la cherehani. "Ngoja kidogo," akasema. "Rudia hapo kwa nguo." Nikarudia: kabla ya kuwatoa, Mungu aliwatengenezea mavazi ya ngozi, akawavika. Akatikisa kichwa. "Ngozi kushona si kazi ndogo. Sindano navunjika. Yeye iko na hasira, lakini nakaa chini, nashona kwanza." Afande akacheka, na mimi nikainamia kitabu ili wasione uso wangu. Nilikuwa nimeisikia hadithi ile tangu utotoni, na sikuwahi hata siku moja kuona kwamba kulikuwa na fundi ndani yake.

Nikiangalia nyuma sasa, naona kwamba ile miezi ya kwanza nilikuwa nasoma kama mtu anayebeba maji ya watu wengine: yalipita kwangu, hayakunywewa. Lakini kuna siku moja ya mwezi wa pili ambayo ilinishika. Tulikuwa tumefika pale ambapo Mungu anapita mbele ya Musa mlimani na kulitangaza jina lake mwenyewe. Mahali hapo nilipajua nusu. Kanisani kwetu tulisikia mara nyingi ile nusu ya mwisho, kwamba hamwachi mwenye hatia bila adhabu na kwamba watoto hufikiwa na maovu ya baba zao. Sasa nilipaswa kusoma yote, na yote ilianza mbali zaidi: mwingi wa huruma, mvumilivu, si mwepesi wa hasira, mwenye fadhili kwa maelfu.

"Hii fadhili ni nini?" Afande akauliza.

Nilifikiri. Kwetu neno hilo tuliliimba tu. "Ni wema, Afande. Wema wa mutu mwenye hajachoka na wewe."

Vidole vyake vikaacha kugonga goti. Kisha akasema, "Askari akikamatwa anasema jina, cheo, namba. Anaanza na kitu ya kwanza. Huyu Mungu anajitaja mwenyewe, hakuna mutu namulazimisha. Na anaanza na huruma. Adhabu iko, mimi nasikia. Lakini iko nyuma."

"Kama mutu anasema jina yake," Mama Apio akasema na pini mdomoni, "wewe usikate nusu."

Nilijua mimi ndiye niliyekata nusu, na nilikuwa nimeishi na nusu hiyo kwa miaka.

Lakini kujua jambo na kulikubali ni vitu viwili. Tulisoma vita vya kuingia nchi ya ahadi, na Afande hakuitikia neno kwa siku kadhaa. Alikuwa ameiona miji iliyoteketea kwa macho yake alipokuwa nayo. Alisema tu, "Endelea," na sauti yake ilikuwa nzito. Kisha mwezi wa tano tukafika kwa Daudi na mke wa mtu. Nabii akamjia, akamwambia dhambi yake imeondolewa, lakini mtoto aliyezaliwa atakufa. Macho yangu yakatangulia chini ya ukurasa, yakaona mtoto akiugua. Homa yake nikaijua. Nikageuza ukurasa na kuanza pale anapozaliwa mtoto mwingine, yule aliyependwa.

"Umeruka," Afande akasema.

"Hapana, Afande."

"Ile mutoto iko wapi? Nabii alisema atakufa. Mimi namungojea. Amekufa? Amepona?" Sauti ikapanda. "Mimi nilisema usiruke! Kwa nini watu wote wananificha kitu kwa sababu sioni?"

Nikakifunga kitabu, nikakiweka mezani, nikatoka. Wanawake wa bombani walininyamazia nilipopita. Sikurudi hata kuchukua nguo zangu. Nilipata lori la mtu aliyekuwa anarudi Isingiro, na jioni nilikuwa Juru, nimelala kifudifudi, nikiwa na uhakika mpya kwamba nilikuwa sahihi tangu mwanzo. Kumbe ilikuwa imeandikwa. Mungu huua mtoto kwa ajili ya kosa la mkubwa. Sasa sikuwa na hofu tu, nilikuwa na ushahidi.

Wiki tatu zikapita. Wiki ya nne, saa za mchana, nilisikia sauti nje ikiuliza kwa Kiswahili cha jeshini nyumba ya Furaha iko wapi, na nilipotoka nikamkuta Mama Apio, vumbi hadi kwenye nyusi, amebeba mfuko wenye nguo zangu mbili zilizofuliwa na kupigwa pasi, na kopo la siagi ya ufuta. Aliingia, akaketi kwenye mkeka, akatazama kuta zangu za udongo na turubai, akasema nyumba ni safi. Nikampikia bugali na sombe. Alikula polepole, akauliza inatwangwa vipi, akasifu. Hakuniuliza kwa nini niliondoka. Alipomaliza kunawa ndipo akasema, "Mzee anakaa na hiyo kitabu kwa magoti. Apio alitaka kusoma ile ya Kiingereza, yeye anakataa. Anasema atangojea."

Sijui kwa nini nilimwambia. Labda kwa sababu alikuwa amekula chakula changu. Labda kwa sababu hakuwa mtu wa kwetu na asingeweza kwenda kuwaambia watu wa kanisani. Nilimsimulia mlima, kitenge, miguu, na lile neno. Nililisema neno lenyewe kwa mdomo mara ya kwanza, nikiwa natazama majivu. "Nilichoka, mama. Nikasema mu roho, kama huyu mutoto hakukuwa. Na Mungu alisikia."

Mama Apio akanisogelea kwenye mkeka. Akauliza, "Alikuwa naitwa nani?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Watu walisema "wale tuliowapoteza", wakajumlisha. "Neema," nikasema, na jina hilo likanivunja. Alinivuta, akaniweka kichwa kwenye mapaja yake kama mmoja wa mapacha, akaniacha nilie hadi nilipochoka. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama anavyosema habari za kitambaa, "Ulimubeba siku ngapi?"

"Tatu."

"Siku tatu. Mugongoni. Hukumuweka chini?"

"Hapana. Isipokuwa kumunywesha maji."

"Sasa, Furaha. Mungu yako alisikia neno moja ya sekunde moja, na siku tatu hakuona? Ni Mungu gani hiyo, yenye iko na masikio na haina macho? Mzee yangu haina macho, lakini hata yeye angeona."

Nilirudi naye kesho yake. Afande alinisikia nikiingia, akasimama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Nilikupigia kelele," akasema. "Hiyo haikuwa sawa." Nikamwambia mimi ndiye niliyeruka. Tukakaa. Nikasoma sura ile yote: jinsi Daudi alivyolala chini siku saba akimwomba Mungu, jinsi mtoto alivyokufa, jinsi watumishi walivyoogopa kumwambia, jinsi alivyoamka, akanawa, akaenda kuabudu, akaomba chakula. Sikuruka neno. Nilipomaliza Afande akauliza, "Wewe naelewa?"

"Hapana, Afande."

"Mimi pia. Basi tuseme hapo hatuelewi. Tusiseme uongo kwa Mungu." Baada ya muda akaongeza, "Lakini Daudi hakukimbia. Alikuwa anajua huyu ndiye amemupiga, na alienda kwa nyumba ya huyo huyo. Kuna kitu alikuwa anajua."

Siku hiyo ndipo aliponiambia sababu yake. Miaka mingi kabla, walishambuliwa wakiwa doria, yeye na Koplo Byaruhanga, rafiki aliyekula naye sahani moja kwa miaka kumi. Byaruhanga alipigwa mguuni na tumboni. Ogwal alikimbia. Alimsikia rafiki yake akimwita kwa jina nyuma, na hakugeuka. Baadaye, mahali pengine kabisa, mlipuko ulichukua macho yake, naye hakuona ajabu. "Sikuangalia nyuma," akaniambia. "Mungu akasema, sawa, hutaangalia hata mbele. Mimi nilitaka kusikia kitabu yote kujua kama hiyo ndiyo mwisho ya maneno yake na mimi." Mama Apio alikuwa amelijua jambo hilo tangu zamani. Aliendelea kukanyaga cherehani, lakini niliona kwamba hakukuwa na kitambaa chini ya sindano.

Kuanzia hapo usomaji wetu ulikuwa kitu kingine. Tulikuwa watu watatu waliokuwa na kesi. Tulisoma malalamiko ya Ayubu, na Afande alishangaa kwamba Mungu alimkemea sana lakini mwishoni akasema ni yeye aliyesema sawa, si wale rafiki zake waliokuwa na majibu. Tulisoma kitabu cha nabii ambamo Mungu anamkumbuka Israeli kama mtoto aliyemshika mikono akimfundisha kutembea, na moyo wake unageuka ndani yake anapotaka kumwacha. Nilirudia sehemu hiyo mara nne bila kuombwa. Tulicheka kwa Yona, aliyekasirika kwa sababu Mungu alisamehe, na Mama Apio alifurahi sana kwamba Mungu alihesabu hata wanyama wa mji ule. Hasira ya Mungu haikuisha katika kurasa hizo. Ilikuwapo hadi katika Yesu mwenyewe, aliyepindua meza. Lakini kwa kuisikia yote kwa mfululizo, siku baada ya siku, nilianza kutambua kwamba ilikuwa hasira ya mtu anayependa, ya mzazi aliyeona mtoto wake akimpiga mtoto mwingine. Hii ndiyo sababu nawaambia wanawake wangu wasisome Biblia kwa vipande vya kuokota. Ukimsikia mume wa mtu akipiga kelele mara moja ukipita barabarani, hujamjua. Kaa nao nyumbani mwaka.

Mwezi wa kumi na moja tulifika mwisho wa Yohana. Petro, aliyemkana mwenzake usiku wa shida, amerudi kuvua samaki, na asubuhi yule aliyekanwa, Yesu, amesimama ufukoni na amewasha makaa.

"Ngoja," Afande akasema. "Amewasha moto?"

"Ndiyo, Afande. Na samaki iko juu yake, na mukate."

"Amemupikia?"

"Amemupikia."

"Baada ya kumukana?"

"Baada."

"Na hiyo maneno ya kukana, anaiuliza?"

"Anaiuliza, lakini wakiisha kula. Mara tatu. Na kila mara anamupa kazi."

Aliweka mikono juu ya uso. Mapacha walirudi kutoka shule, wakamwona, wakarudi nje kimya. Alipoitoa mikono alisema, "Byaruhanga iko na mama. Iko Endiinzi. Nataka kwenda."

Tulikwenda mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili, mimi na yeye, kwa gari la wachukuzi wa maziwa, yeye katika suruali iliyopigwa pasi na Mama Apio mara mbili. Boma lilikuwa juu ya kilima, ng'ombe wenye pembe ndefu wametawanyika chini. Mama yule alikuwa mdogo wa umbo, amejifunga shuka begani, na hakujua Kiswahili, kwa hiyo mwanawe mwingine, mfanyabiashara wa ng'ombe, akawa mkalimani. Afande hakukubali kukaa. Alisimama wima, akasema kila kitu. Mkalimani alipofika mahali pa kukimbia alisita, akamtazama, kisha akatafsiri.

Mama akauliza kitu kifupi. "Anauliza," mwana akasema, "wakati wewe naacha yeye, alikuwa amekufa?"

Ningeweza kumsamehe kama angedanganya. "Hapana," Afande akasema. "Alikuwa anapumua. Aliniita."

Mama akainuka, akatoka, akaenda kusimama katikati ya ng'ombe wake na mgongo umetugeukia. Alikaa huko muda mrefu sana. Afande hakusogea. Niliona jasho likishuka shingoni mwake. Mama aliporudi alikuwa na chombo cha mti chenye maziwa, akakiweka mikononi mwake na kuvikunja vidole vyake kukizunguka. Akasema maneno mengi, na mwanawe akayatoa polepole: "Anasema, mtoto wangu akiwa hai hakuna mutu alipita hapa bila maziwa. Kunywa. Ile ingine, ya kusamehe, moyo yangu bado haijafika, na mimi sitadanganya." Afande akanywa, na machozi yakaingia ndani ya maziwa. "Sasa anasema ukae. Anasema, wewe umeleta kifo yake tu. Lakini mulikuwa pamoja miaka kumi. Anataka hiyo miaka. Yote."

Basi akakaa. Akaeleza jinsi Byaruhanga alivyokataa kula samaki hadi njaa ilipomshinda, jinsi alivyowapa majina ng'ombe wa watu kila walipopita, jinsi alivyoimba vibaya na kwa furaha. Mama akauliza, akauliza tena, na mara moja, mara moja tu, akacheka, akafunika mdomo kwa shuka. Tuliondoka jua likianza kuinama, na aliagiza tuje tena mvua zikianza. Afande alikwenda, mwaka uliofuata na miaka mingine. Mwaka wa tatu, aliniambia Mama Apio, mama yule alimkumbatia kabla hajatamka salamu.

Kitabu tulikimaliza wiki mbili baadaye, na nilirudi Juru kwa Krismasi. Lakini mwaka ule ninauhesabu kuwa uliisha siku ile ya Endiinzi, njiani kurudi. Gari lilisimama Masha kushusha madebe matupu, na sisi tukakaa kwenye majani kando ya barabara, ng'ombe wa mtu wakichungwa karibu nasi. Afande akageuza uso wake upande wangu.

"Mama Apio aliniambia juu ya mutoto. Usimukasirikie. Mimi yangu nimesema. Wewe yako utasema lini?"

"Kwa nani, Afande?"

"Kwa mwenyewe. Umenisomea mwaka nzima watu wanamuuliza. Ayubu, Daudi, wote. Wewe hujamuuliza kitu."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimemsifu Mungu, nimemwogopa, nimemwomba mvua na afya za watu. Sikuwahi kumuuliza. Nikafumba macho pale pale, hadharani, watu wa madebe wakipita, nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili cha nyumbani kwetu: Mungu, juu ya nini Neema, kwa nini yeye? Nilikuwa ninamupenda. Ulikuwa unajua ninamupenda. Juu ya nini? Nilikuwa ninangoja kitu kinipige, na hakuna kilichonipiga. Wala jibu halikuja; sijalipata hadi leo, na nimewaambia hivyo wanawake wangu. Lakini nilipokuwa ninauliza, niligundua kwamba nilikuwa ninamtazama, jinsi binti anavyomtazama baba yake akiwa amekasirika na anajua hatafukuzwa. Niliendelea kusema, mengi, hadi sauti ilipoisha. Afande akavua kofia yake na kusimama wima, akasema "Amina!" kwa sauti ya gwaride, kubwa kiasi kwamba ng'ombe wote waliinua vichwa, na mwenye gari akatuuliza kama kuna shida, na mimi, nikiwa bado nalia, nikamwambia hakuna.